Nilipiga Mhuri wa Mellen

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya kliniki ya macho kule Homa Bay, maneno ya daktari yakinilia masikioni.

"Nyuma ya jicho kuna mahali pa kuonea vitu vidogo," aliniambia. "Kwako mahali hapo pamekufa, mama. Pande zote mbili. Utaendelea kuona vya pembeni. Vya katikati, hapana."

"Kuna dawa?"

"Hakuna."

Kwa ambaye hajawahi kunisoma, mimi ni Lynnet Awino, mzaliwa wa Kendu Bay. Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa moja: kutenganisha vifaranga majike na madume katika kituo kimoja cha kutotoa vifaranga hapa Migori.

Leo nawaeleza nilichofanya na macho hayo yaliyokufa. Mkitaka kunichukia, nichukieni polepole, maana mwisho bado uko mbali.

Kazi yenyewe ni hii. Unamshika kifaranga wa siku moja mkononi. Unamkamua kinyesi kwa kidole gumba, unamfungua tundu la nyuma chini ya taa kali. Ukiona kipele kama kichwa cha pini, huyo ni dume. Usipokiona, ni jike. Majike huingia kwenye katoni, huuzwa kwa wafugaji wa mayai. Madume huingia kwenye pipa, na pipa halina kurudi.

Nilikuwa naangalia vifaranga mia nane kwa saa moja. Nikikosea sana, nakosea wanane.

Sasa kipele kile sikukiona tena. Nikimwelekeza kifaranga kwenye taa, katikati palikuwa na ukungu tu.

Mtu mmoja pekee ndiye aliyejua. Mellen.

Mellen ni Mkuria wa Kehancha. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, tukakaa meza moja miaka mitatu. Siku niliyomwambia kuhusu macho, aliweka chini kifaranga aliyekuwa naye.

"Dada Awino, acha kazi kabla haijakuacha."

"Nikiacha niende wapi? Ninajua nini kingine?"

"Basi sitasema kwa mtu. Lakini ukishindwa, nipe mimi katoni niirudie."

Aliirudia. Mara nyingi alirudia kazi yangu baada ya kumaliza yake, kidole gumba kikimvimba, asiniambie neno.

Na Mellen alikuwa na mzigo wake. Alikuwa na binti wa miaka sita, Boke, aliyekuwa akiishi kwa baba yake, Mirumbe, tangu wazazi walipoachana. Chifu na wazee wa kule walikuwa wamemwambia: tafuta kazi ya kudumu, tafuta nyumba, uje siku tutakayokupangia utuonyeshe, nasi tutakupa mtoto. Alishapanga nyumba nyuma ya soko. Alishanunua godoro dogo na viatu vya shule. Viatu aliviweka chini ya meza yetu ya kazi, akawa anavifuta vumbi kila asubuhi.

Siku ilipangwa. Ijumaa, mwezi wa tano.

Mwezi wa pili, Mama Edith akaja kituoni.

Mama Edith ni mdogo wake marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea. Sasa anaishi Rangwe, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wajane ishirini na wawili. Walikuwa wamejenga banda kubwa kwa mikono yao, wakaahidi shule moja ya bweni kwamba wataipelekea mayai.

"Nataka vifaranga mia nne," alimwambia bosi wetu, Cliff Bogonko. "Majike tupu. Na nataka mkono wa mwanangu, si mkono wa mtu mwingine."

Bogonko alicheka. "Mama, huyu ndiye mkono bora nilio nao."

Alisema hivyo mbele ya mgeni. Wiki mbili nyuma, tukiwa wawili tu, alikuwa ameniambia mengine: "Wateja wawili wamelalamika juu yako, Awino. Wa tatu akilalamika, unaenda nyumbani."

Siku ya oda ile Mellen alikuwa chumba cha pili, anachanja vifaranga. Nilikaa mezani peke yangu.

Ningeweza kumwita. Ningeweza kusema naumwa kichwa. Nilikaa nikakamua, nikafungua, nikatazama ukungu. Huyu katoni. Huyu pipa. Huyu katoni. Huyu pipa.

Nilikuwa nabahatisha, wasomaji wangu. Vifaranga mia nne wa mama zangu wajane, nabahatisha.

Tukimaliza kufunga, kila katoni hupigwa mhuri wa aliyeifanyia kazi, ili kosa likitokea ajulikane. Wangu una herufi A. Wa Mellen una M. Mihuri yote miwili hukaa kwenye mkebe mmoja.

Kwa miezi mingi nimejiambia kwamba nilikosea mhuri kwa sababu ya macho. Leo nasema ukweli. Mhuri wangu una mpini wa mbao. Wa Mellen una mpini wa plastiki. Hata aliyezaliwa kipofu angeijua tofauti.

Nilishika plastiki.

*

Simu ililia wiki ya kumi na mbili, asubuhi, nikiwa natia majani kwenye chai.

"Nyathina," alisema Mama Edith. Mwanangu. "Kuku wako wanawika."

Nilijaribu kucheka. "Jogoo hakosi kuponyoka mmoja wawili, Mama."

"Si mmoja wawili."

"Ni wangapi?"

"Uliza wangapi hawawiki."

Walikuwa wamehesabu. Majogoo mia mbili na kumi na mmoja. Wanapigana, wanatoboana macho, wanawapanda matembe waliopo hadi migongo inatoka damu. Shule ilikuwa inasubiri mayai.

Nilikaa chini. Hesabu nyingine ilinijia bila kuitwa. Kama nusu ya katoni ilikuwa madume, basi nusu ya pipa ilikuwa majike. Niliwaua majike wa wajane kwa mkono wangu, nikawapelekea majogoo.

"Yawa," nilisema. Jamani.

"Usilie," Mama Edith aliniambia. "Si wewe. Nimeangalia katoni. Tulizihifadhi. Zina herufi M, kumbe oda yangu walimpa mtu mwingine. Nakuja huko kesho nimwambie bosi wako asije akakulaumu wewe."

Hapo ningesema. Simu ilikuwa sikioni, mtu mwenyewe ndiye aliyenilea, jikoni hapakuwa na mwingine.

Nilimwambia, "Haya, Mama. Safari njema."

Jumatatu alifika ameshika kipande cha katoni kama mtu aliyeshika hati ya shamba. Bogonko akaita watu wote wa mezani, yaani mimi na Mellen.

"Mellen, hii ni herufi ya nani?"

"Yangu."

"Oda ya Rangwe uliifanya wewe?"

"Hapana. Siku hiyo nilikuwa nachanja."

"Sasa mhuri wako ulitembea?"

Mellen akanigeukia. Sikuuona uso wake. Hivi ndivyo macho yangu yalivyo: nikimtazama mtu usoni, uso ndio unaopotea. Naona masikio na mabega. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa wangu.

"Dada Awino," alisema. "Sema kitu."

"Mimi nilikuwa na trei zangu," nilisema.

Mellen angeweza kuniteketeza kwa sentensi moja: huyu haoni. Aliahidi hatasema, na hakusema. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Kisha akainama akachukua vile viatu vya shule.

Mama Edith alimfuata hadi mlangoni.

"Binti," alimwambia, "mimi nimezika mume na watoto wawili, na sijawahi kumlaani mtu. Lakini wewe umetuumiza. Mungu akuonyeshe."

"Asante, Mama," Mellen alijibu. Akaenda.

Nilimsindikiza Mama Edith hadi barabarani. Alinishika mkono njia nzima.

"Wameniondoa kwenye uenyekiti," alisema. "Wanasema nilikula njama na kituo chenu. Sokoni Rangwe wananiita Mama Majogoo. Watoto pia."

"Mama..."

"Acha. Jina lako liko safi. Hilo linanitosha."

*

Sikulala. Jumanne nilienda ofisini kwa Bogonko kabla hajavua koti, nikamwambia yote. Macho, kubahatisha, mhuri.

Alifunga mlango. Akasimama mbele yangu.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vilete pembeni kidogo."

Akavileta.

"Vitatu."

Alikaa kitini kwa uzito. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshatoa vitu vyangu kwenye kabati.

"Mwaka mzima," alisema taratibu, "nimewauzia watu vifaranga walioangaliwa na mtu asiyeona. Sasa unataka nifanye nini? Nikatangaze redioni?"

"Nataka Mellen arudi."

"Mellen akirudi, watu watauliza kwa nini amerudi. Wakijua, kituo kinafungwa. Humu ndani mko thelathini na wawili. Wote waende nyumbani kwa sababu dhamiri yako imeamka leo?"

Niliubana mkoba wangu kifuani.

"Mellen alikosea," alisema. "Mellen ameondoka. Wewe hutakaa mezani tena. Nakufanya msimamizi wa wasichana wapya. Utawafundisha kwa mdomo."

"Bosi, si haki."

"Nani amekuambia ni haki?"

Akasukuma karatasi juu ya meza. "Weka sahihi hapa tufunge faili yake. Ni barua ya kawaida."

Aliushika mkono wangu akauweka kwenye mstari. Mwanamke aliyekuwa akitofautisha kipele kama kichwa cha pini hakuweza kusoma hata kichwa cha barua. Ningemwambia anisomee. Niliogopa atakachosoma.

Nikaweka sahihi.

Nikatoka nje nikatoa simu.

Siku mbili zilizofuata nilimpigia Mellen, hakushika. Lakini tarehe ya Ijumaa niliijua. Alikuwa ameniimbia miezi minne. Nilijiambia: nitaenda Kehancha mwenyewe, nitasimama mbele ya chifu wake, nitasema. Barua ya kazi hana tena, lakini angalau wajue hakuipoteza kwa kosa lake.

Ndiyo mara ya kwanza mwaka huo kujiona nina faida.

*

Mkutano ulikuwa uani kwa chifu, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili. Niliuliza njia hadi nikafika, nikasimama pembeni. Mellen ndiye aliyenijia.

"Umefuata nini?"

"Kusema ukweli."

Nilisikia akivuta pumzi. Nilidhani atanipiga. Alinishika kiwiko akanikalisha kiti cha kando yake.

"Kaa hapa," alisema. "Kuna jiwe mbele ya mguu wako."

Upande wa pili kulikuwa na Mirumbe, kaka yake na wazee wawili. Mtoto alikuwa kati yao. Nilimsikia akimuuliza baba yake kama mkutano ukiisha atapewa soda.

Nilimtarajia Mirumbe awe mtu mkali. Hakuwa. Alisimama, akaongea kwa upole.

"Chifu, wazee. Mimi sina vita na mama ya mtoto. Nauliza tu, atamlea na nini? Alikuwa na kazi, amefukuzwa wiki hii. Sisemi kwa uvumi. Nilimpigia bosi wake mwenyewe, akanitumia barua."

Karani wa chifu, kijana mwenye sauti nyembamba, akaisoma.

"Mimi, Lynnet Awino, msimamizi, nathibitisha kwamba Mellen Robi alifanya kazi kwa uzembe kwa muda mrefu. Niliona kwa macho yangu akipiga mhuri katoni bila kuangalia vifaranga. Si mtu wa kuaminiwa na kitu chenye uhai."

Kitu chenye uhai. Mbele ya mtoto wake.

Kiti cha Mellen kilikwaruza chini. Alinisogelea kidogo tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni mimi.

Nilisimama.

"Chifu, Lynnet Awino ni mimi. Barua hiyo ni ya uongo. Sikuisoma. Katoni zilikuwa zangu, mhuri niliupiga mimi. Mellen hana kosa."

Watu walianza kunong'ona Kikuria. Chifu aliwanyamazisha.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiweka lini?"

"Jumanne."

"Na leo ni Ijumaa. Kwa hiyo mama, kuna siku umesema uongo. Mimi nitajuaje ni ipi?"

"Sikuweza kuisoma, Chifu. Macho yangu yamekufa. Sioni kitu kilicho mbele yangu. Ndiyo maana niliharibu kazi."

Kaka ya Mirumbe alicheka. "Haoni, na ametoka Migori peke yake mpaka hapa? Tena amevuka hata mtaro!"

"Naona vya pembeni," nilisema.

Wakacheka wengi zaidi. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyokuwa neno la kipumbavu.

Chifu hakucheka. Alitaka nisogee, akanipa ile barua.

"Nisomee mstari wa kwanza."

Niliishika. Niliisogeza kulia, nikaisogeza kushoto. Weupe tu na ukungu.

"Anaigiza," alisema kaka ya Mirumbe. "Ni rafiki yake. Wamepanga."

"Inawezekana anaigiza," chifu alisema. "Inawezekana haigizi. Mimi si daktari."

Hapo ndipo Mellen alipoinuka. Sauti yake ilikuwa tofauti na ile ya Jumatatu. Ilikuwa na nguvu.

"Chifu, daktari yupo! Alienda kliniki ya macho Homa Bay. Aliniambia mwenyewe. Ana karatasi yao, hutembea nayo kwenye mkoba."

Chifu alifikiri kidogo. Akawaangalia wazee wake, wakasemezana.

"Sikilizeni," alisema. "Kama karatasi ya daktari inasema mama huyu haoni, basi barua inayosema aliona kwa macho yake ni takataka. Na kama ni takataka, Mellen hakufukuzwa kwa haki, na neno letu la zamani linasimama. Mtoto ataondoka na mama yake leo. Mirumbe, unakubali?"

Mirumbe alimnong'oneza kaka yake.

"Ikiwa ni ya daktari wa kweli," Mirumbe alisema, "nakubali."

Nilisikia Mellen akilia. Alinikumbatia, mbele ya watu wote, mimi. Machozi yake yaliniingia shingoni.

"Dada, asante umekuja," alininong'oneza. "Asante."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu kuna jambo nimewaficha wiki zote hizi nikiwasimulia.

Siku ile Homa Bay, dirishani pa kuandikishia wagonjwa, msichana aliniuliza jina. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na dereva anayebeba vifaranga vyetu, ameleta baba yake. Nilijua nikisema Lynnet Awino, kabla ya jioni Bogonko atakuwa na habari. Nilihitaji jina lingine, upesi, na mdomoni likanijia jina la mtu niliyekuwa namwita kutwa nzima.

Nilijiambia ni jina tu. Halina uzito.

Mellen hakuwahi kuiona karatasi ile. Hakuwahi kuuliza. Mimi nami nilikuwa nimeitia kwenye mkoba nikaiacha humo, maana kuisoma sikuweza, na kuitupa niliogopa, daktari alisema nirudi nayo.

"Chifu," nilisema, "naomba nieleze kwanza..."

"Hakuna haja ya kueleza," alisema. "Karatasi itaeleza."

"Mellen, ngoja. Ngoja kidogo."

Lakini mkoba ulikuwa tayari mikononi mwake. Nilisikia zipu. Nilinyoosha mkono kuushika, nikashika hewa. Alishatoa karatasi, hakuikunjua hata, akampa karani huku bado analia, huku anacheka, kisha akanishika begani.

Karani aliikunjua.

"Ni ya kliniki kweli," alisema. "Ina mhuri na sahihi ya daktari. Inasema mgonjwa amepoteza uwezo wa kuona katikati, macho yote mawili. Asipewe kazi ya vitu vidogo."

"Unaona!" Mellen alipaza sauti. "Boke, njoo kwa mama!"

Mtoto aliruka kutoka kitini. Nilisikia miguu yake ikija mbio.

"Soma jina," alisema Mirumbe.

Karani alisoma kimoyomoyo. Akamwangalia chifu, akairudia karatasi.

"Jina la mgonjwa," alisema. "Mellen Robi."

Miguu ya mtoto ilisimama katikati ya uwanja. Nadhani baba yake alimdaka.

"Mellen," alisema chifu, polepole sana, "kumbe wewe ndiye usiyeona?"

Mkono wa Mellen ulikuwa bado begani kwangu. Haukuondoka. Ulianza kunibana.